Antena Iliyoipa Ikulu Mgongo

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, na si kwa sababu ya woga. Wakati naandika, jina lake lilikuwa mbele ya kamati, nami napenda kuwa sahihi. Itoshe kusema kwamba ina wilaya kumi na tisa, zinazoitwa kwa namba kwa kuwa majina yalileta ubishi, na Rais mmoja, ambaye hana namba.

Nchi hiyo ilizima mitambo yake ya zamani ya televisheni ikawasha ya kisasa. Zamani, mawimbi yakiwa hafifu, picha ilikuwa na chenga. Waziri alionekana kama mtu aliyesimama kwenye mvua ya mawe, lakini alionekana. Mitambo ya kisasa haina chenga. Mawimbi yakitosha, picha ni ya HD, safi kiasi cha kuhesabu vifungo vya koti. Yasipotosha, picha inaganda na kuvunjika vipande vya mraba. Hakuna katikati. Wizara ya Taswira ilieleza kwamba huo ndio usasa wenyewe.

Siku ya uzinduzi, Waziri wa Taswira alitangaza kuwa mawimbi yamefika asilimia mia moja na nne ya nchi, zile nne zikiwa za majirani. Kwa kuwa mawimbi yalikuwa yamefika, mtu ambaye picha yake iliganda hakuwa na tatizo la mawimbi. Alikuwa na tatizo lingine, na wizara ilikuwa tayari kulichunguza.

Ilifuata Sheria ya Mwelekeo wa Heshima. Mkuu wa Wilaya ya Saba aliifafanua kwenye mkutano wa hadhara.

"Ndugu wananchi, Rais anapozungumza nasi, anazungumza akiwa wapi? Yuko Ikulu. Sasa wewe, mtu mzima, unamsikiliza mwenzako huku umempa mgongo? Kwenu mlilelewa hivyo?"

Wananchi walisema hapana, hawakulelewa hivyo. Kufikia jioni antena zote za wilaya zilikuwa zimegeuzwa kuelekea Ikulu. Mnara unaorusha mawimbi ya Wilaya ya Saba uko Kilima cha Ngwasi, upande wa pili. Picha zikaganda wilaya nzima, na hakuna aliyekuwa na tatizo.

Kulikuwa pia na kanuni ndogo: uso wa Rais ukiganda kwenye kioo, waliomo ndani husimama hadi utakapoendelea. Ilikuwa marufuku kuzima. Katika mwezi wa kwanza, familia moja ilisimama saa mbili na dakika arobaini kwa sababu Rais aliganda akiwa amefumba macho, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa.

*

Masimba Kihwelo alikuwa mpima ardhi mstaafu. Aliishi peke yake pembeni mwa mji mdogo wa Wilaya ya Saba, katika nyumba ya vyumba vitatu, akitumia kimoja. Mguu wake wa kushoto uliumia kazini na haukunyooka tena. Mkewe, Mama Tunu, alikuwa kiziwi, na kwa miaka thelathini na moja nyumba hiyo ilikuwa na mazungumzo mengi na kelele kidogo. Alipofariki, Masimba alibaki na lugha ya alama ambayo hakuwa na wa kuizungumza naye isipokuwa binti yao, Tunu, na Tunu aliajiriwa na Jumba la Televisheni kule mji mkuu.

Tunu alikuwa mkalimani wa lugha ya alama katika taarifa ya habari ya saa kumi na moja jioni. Alikaa kwenye kona ya chini, kulia, ndani ya kisanduku ambacho kwenye televisheni ya baba yake kilikuwa sawa na kiberiti.

Watumishi wa Jumba la Televisheni waliishi ndani ya uzio, bila simu, kwa ajili ya kulinda ubora. Masimba aliandika barua. Zilirudi na muhuri: MHUSIKA ANAONEKANA HEWANI KILA SIKU. BARUA SI YA LAZIMA. Aliomba kibali cha kusafiri kwenda kumwona. Kilikataliwa kwa maelezo kwamba fomu inahitaji sababu, na kumwona mtu ambaye nchi nzima inamwona haikuwa sababu.

Hoja hiyo ilikuwa na mantiki yake, naye Masimba aliheshimu mantiki. Shida ilikuwa moja tu. Kila jioni alikaa mbele ya televisheni, na kila jioni kona ya chini kulia ilikuwa na vipande kama vinane vya rangi: cha kahawia, cha buluu, na cheusi ambacho huenda kilikuwa nywele. Lugha ya alama iko kwenye vidole. Vipande vya mraba havina vidole.

Akaamua kupata picha nzuri zaidi.

*

Madukani hapakuwa na antena kubwa. Kuuza antena kubwa kungekuwa kusema kwamba ndogo haitoshi, na ndogo ilikuwa inatosha kwa asilimia mia moja na nne. Muuza vifaa vya ujenzi, mama mmoja aitwaye Bi. Ramla, alimpeleka Masimba nyuma ya mifuko ya saruji na kumwonyesha kitu cha alumini kilichofungwa gazeti.

"Hiki ni kianikio cha dagaa, mzee wangu."

"Kina fito ngapi?"

"Kumi na nane. Kile cha fito nane kipo, lakini ukiwa mbali na kilima hakianiki."

"Niko kilomita sitini na moja."

"Basi chukua na hili kopo la viungo." Akampa kikuza mawimbi, kidogo kama kopo la mafuta ya kujipaka. "Na usiliweke sebuleni nyuma ya televisheni kama wajinga. Liweke juu, karibu na dagaa. Ukiliweka chini linakuza uchafu wote uliookotwa njiani."

"Najua," alisema Masimba.

"Najua unajua. Nasema ili nawe uniambie jambo. Wateja wangu hawaongei siku hizi, wananyoosha kidole tu."

Masimba alifikiri. Alimwambia kwamba waya wa zamani wa antena ukiingia maji, shaba yake inakuwa ya kijani, na lazima ubadilishwe wote. Bi. Ramla alionekana kuridhika.

Masimba alikuwa na ramani. Alikuwa ameichora mwenyewe kwa niaba ya serikali, na nguzo ya upimaji iliyo kwenye Kilima cha Ngwasi aliisimika mwenyewe. Kutoka paani kwake, Ikulu ilikuwa digrii hamsini na mbili. Mnara ulikuwa digrii mia mbili thelathini na moja. Siku ya Jumatano saa tatu asubuhi alipanda paani na dira, spana na bomba la maji la futi kumi na mbili.

"We Mzee Masimba, unafanya nini huko juu?" Jirani yake, Bi. Sikitu, alikuwa amesimama uani mwake na ungo mkononi.

"Napima."

"Si umestaafu?"

"Vitu havijastaafu."

"Shuka bwana. Ukianguka nani atakubeba? Mimi mgongo sina, na hao wengine watasimama kwanza waulize umeangukia upande gani."

Masimba alikaza nati ya mwisho. Kwenye king'amuzi kuna ukurasa unaoonyesha mistari miwili, nguvu na ubora. Kwa mwaka mzima mstari wa ubora ulikuwa haujavuka thelathini na mbili. Aliposhuka aliukuta tisini na sita.

*

Bi. Sikitu alikuja saa kumi na moja kasoro dakika tano, akasimama mlangoni. Picha ilikuwa safi. Rais alitokea, akatembea, akaketi, yote kwa mfululizo, jambo ambalo Bi. Sikitu hakuwahi kuliona.

"Kumbe anatembea," alisema. Akasogea hatua moja. "Mzee. Ana chunjua."

"Wapi?"

"Hapo chini ya sikio. Na wameipaka poda." Kisha akatazama nyuma yake, uani, ambako hapakuwa na mtu. "Mimi sijaona kitu. Nilikuja kuomba chumvi."

"Nikupe?"

"Ya nini? Ninayo." Akaondoka. Hakuja tena. Kuanzia siku hiyo alipomwona Masimba uani, alikuwa na jambo la kufanya ndani.

Masimba hakuwa anamtazama Rais. Kwenye kona alikuwepo Tunu, kamili, mwenye vidole kumi. Alikuwa amepungua. Alivaa blauzi ya buluu. Wakati Waziri wa Kilimo anaeleza kwamba mavuno yamezidi ardhi iliyopo, mikono ya Tunu ilisema hivi:

Baba, hujambo. Hapa hakuna anayejua nasema nini, kwa hiyo nasema na wewe. Mguu umepona? Usipande paani peke yako. Chakula cha hapa ni kingi na hakina chumvi. Nalala chumba namba kumi na nne, dirisha linatazama ukuta.

Mtu anaweza kuuliza ilikuwaje wizara isijue. Viziwi wa mji mkuu, ambao picha zao zilikuwa nzuri, walilalamika kwa maandishi kwamba taarifa ya habari haina habari. Wizara iliwajibu kwa simu.

Masimba alijibu pia. Kwa nusu saa alikaa sebuleni peke yake akiwa ameinua mikono mbele ya televisheni, akimwambia binti yake kwamba mguu haujambo na kwamba paani ameshapanda. Hakuwa mtu wa kudhani kwamba televisheni inaona. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anafanya mazoezi ya vidole.

*

Siku ya pili, saa kumi na dakika arobaini, alifika Bwana Mtengeti, Afisa Mwelekeo wa Wilaya. Alibeba kipimapembe cha mbao, kile cha ubaoni shuleni, kilichopakwa rangi za bendera.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimetumwa, usinichukie. Antena yako inatazama wapi?"

"Digrii mia mbili thelathini na moja."

"Na Ikulu iko digrii ngapi?"

"Hamsini na mbili."

Afisa aliweka kipimapembe chini, akakigeuza, akakigeuza tena. "Yaani umeipa Ikulu mgongo."

"Kasoro digrii moja."

"Hiyo moja nitaiandika. Inaweza kukusaidia mbele ya safari."

Masimba alileta ramani, akamwonyesha kilima na mnara. Afisa aliitazama kwa heshima. "Ramani hii ya nani?"

"Ya serikali. Niliichora mimi."

"Serikali ya lini?"

"Hii hii."

"Serikali inaruhusiwa kusahau, mzee." Alikunja ramani vizuri kuliko alivyoikuta. Kisha akatazama mlango wa sebule. "Na picha? Inakuja?"

"Inakuja."

"Haigandi?"

"Haigandi."

"Kwangu huwa nasimama mpaka miguu inavimba," alisema Afisa Mwelekeo. "Mke wangu ameniwekea mkongojo wa kuegemea. Hebu niingie nikague."

Walikaa wote wawili. Taarifa ilianza. Afisa aliinama mbele, magoti yameachana, akatazama kama mtu anayekula baada ya mfungo. Alicheka Waziri alipojikwaa, kisha akajifanya amekohoa. Mwishoni alitoa fomu na kalamu.

"Tufanye hivi. Chukua antena yoyote mbovu, iweke juu ya bomba, itazame Ikulu. Fomu inauliza: antena ipo? Ipo. Inaelekea Ikulu? Inaelekea. Haiulizi kama imeunganishwa. Hiyo nyingine ishushe kidogo chini. Ni nini vile?"

"Kianikio cha dagaa."

"Safi. Ila mzee, mbona umenyamaza? Nimekuokoa."

"Nakushukuru," alisema Masimba. Alikuwa anatazama saa yake.

Dakika ya nne na sekunde kumi na mbili Tunu alisogeza nywele zake kwa kiganja cha kushoto. Jana yake alizisogeza dakika ya nne na sekunde kumi na mbili. Jana yake pia alisema chakula ni kingi na hakina chumvi. Waziri alikuwa mwingine, mada ilikuwa barabara, na mikono ilikuwa ile ile.

*

Siku ya tatu Masimba alichora jedwali. Safu ya kwanza muda, safu ya pili maneno, safu ya tatu alama ya vema ikiwa yamerudiwa. Kufikia mwisho wa taarifa safu ya tatu ilikuwa imejaa. Ilikuwa rekodi moja, ya nusu saa, ikichezwa kila jioni.

Tunu mwenyewe alieleza, dakika ya kumi na tisa, ambayo siku mbili za kwanza Masimba hakuiona vizuri, ya kwanza kwa sababu ya macho yake, na ya pili kwa sababu Afisa alisimama kunyoosha mgongo:

Leo wananirekodi mara moja tu, itumike mwaka mzima. Wanasema mikono ni mikono. Baada ya leo hawanihitaji tena. Nitaomba kutoka. Wakikubali au wasipokubali, nitapanda basi la Jumatano. Keshokutwa Mama anatimiza miaka mitatu. Ukiwasha mshumaa, washa na wangu.

Mama Tunu alifariki tarehe kumi na moja Machi. Rekodi basi ilikuwa ya tarehe tisa Machi. Jumatano iliyofuata ilikuwa tarehe kumi na mbili. Siku ambayo Masimba alikamilisha hesabu hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na nne Novemba. Jumatano ya binti yake ilikuwa imepita kwa wiki thelathini na tano na siku mbili.

Alitafuta daftari lake la mwaka, kwani aliandika hali ya hewa ya kila siku. Machi kumi na mbili: mawingu, upepo kutoka kusini, hakuna mvua. Hakuna mgeni.

Jumatano iliyofuata alionekana stendi ya mabasi tangu asubuhi hadi basi la mwisho la mchana. Anasema alikwenda kununua betri.

*

Aliandika barua wizarani. Ilikuwa na mistari saba. Alieleza kwamba mkalimani wa taarifa ya habari ni rekodi ya tarehe tisa Machi, akaambatisha jedwali, akaomba kujulishwa mkalimani mwenyewe yuko wapi. Hakuandika neno la hisia hata moja, kwa kuwa aliamini jambo likielezwa kwa usahihi hujibiwa kwa usahihi.

Alijibiwa baada ya siku ishirini na tatu.

"Wizara inakushukuru kwa kuthibitisha kuwa ubora wa picha katika Wilaya ya Saba ni wa kuridhisha. Ushuhuda wako utatumika katika ripoti ya mwaka. Kuhusu mkalimani, mhusika alikamilisha majukumu yake kwa ufanisi na kwa sasa hahitajiki kuwepo mahali popote. Kwa kuthamini maoni yako kuhusu marudio, rekodi itabadilishwa."

Masimba aliisoma barua hiyo saa tisa alasiri. Alikuwa amemtazama Tunu jioni thelathini na moja kwa picha safi, maneno yale yale, na alikuwa amefikia mahali ambapo alijibu bila kuchelewa, mguu haujambo, mshumaa nimewasha, hivi kwamba mtu ambaye angepita dirishani angedhani ni mazungumzo ya kawaida kati ya baba na binti. Hakuna aliyepita dirishani.

Saa kumi na moja ilipofika, kwenye kona alikuwepo msichana mwingine.

Alikuwa na blauzi ile ile ya buluu, imebanwa pini mgongoni kwa sababu ilikuwa kubwa. Waziri wa Taswira alikuwa anatangaza mawimbi kufika asilimia mia moja na tisa. Masimba aliweka mkono kwenye kitufe cha kuzima, jambo ambalo ni kosa, kisha akauondoa, kwa sababu mikono ya yule msichana ilikuwa imeanza kusema:

Mama, ni mimi Wande. Mama Wande wa Nyamlenge, nyuma ya mashine ya kusaga. Sijui kama unaniona. Niko hapa tangu juzi. Nimepewa chumba namba kumi na nne. Aliyekuwepo kabla yangu aliacha kandambili zake chini ya kitanda, ninazivaa. Nimeuliza alikwenda wapi, wanasema alipanda basi. Mama, usikae peke yako jioni.

Aliendelea kwa nusu saa. Kuna mahali alisahau kwamba anarekodiwa akafuta pua kwa mkono wa blauzi.

Siku ya pili alifuta pua dakika ile ile.

*

Nyamlenge ni ya Wilaya ya Kumi na Sita, kilomita mia nne na ishirini huko kaskazini. Masimba alipima huko akiwa kijana. Ramani anayo. Mashine ya kusaga imo kwenye ramani, imeonyeshwa kwa mraba mdogo, na mnara wao uko juu ya Mlima Kitope, mahali ambapo yeye na wenzake wawili walisimika nguzo na kula maembe mabichi kwa siku nne. Antena za Nyamlenge zinatazama Ikulu, kama za kila mahali. Kwa hiyo jioni huko kuna mwanamke kiziwi anayetazama vipande vinane vya rangi, kimojawapo cha buluu.

Alipima mara tatu kwa rula, akapata jibu moja mara tatu. Kisha akaandika kadi ya posta.

Kwa Mama Wande, nyuma ya mashine ya kusaga, Nyamlenge. Geuza antena digrii mia moja na kumi na saba, upande wa Mlima Kitope. Saa kumi na moja jioni. Kaa karibu na kioo, kona ya chini kulia. Tazama mikono.

Alifikiri kama aweke jina lake. Hakuliweka, kwa kuwa jina halikuhitajika ili kipimo kiwe sahihi.

Karani wa posta, kijana mpole mwenye miwani, aliisoma kadi mbele na nyuma, maana ndiyo kazi yake.

"Mzee, hii ni ya nini?"

"Ni ya kuanika dagaa."

Karani aliinua miwani. "Nyamlenge hakuna ziwa."

"Ndiyo maana wanahitaji maelekezo."

Karani aligonga muhuri.

Kadi kutoka Wilaya ya Saba hadi ya Kumi na Sita huchukua siku kumi na moja, kumi na mbili mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha. Masimba aliongeza siku moja ya kumtafuta mtu wa kupanda paani, na nyingine ya kusitasita. Siku ya kumi na nne, saa kumi na moja kasoro dakika tano, alivuta kiti akakisogeza karibu na kioo, akakaa.

Wande alitokea kwenye kona, akasema, Mama, ni mimi.

Masimba hakuinua mikono kujibu, kwa sababu hakusemezwa yeye. Alitazama tu, hadi mwisho, kwa makini, kama mtu aliyekaa benchi moja na mwingine asiyemjua. Kwa hesabu zake, jioni hiyo walikuwa wawili. Kwenye daftari, chini ya hali ya hewa, aliandika namba hiyo, na pembeni yake, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini ya kuandika vipimo, akaweka neno "pengine".